Mama Hapana na Digrii Moja

Shangazi yangu analipwa kuitazama bahari. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamtania, na Shangazi mwenyewe hasaidii, kwa sababu akiulizwa kazi yake anajibu, "Mimi ni karani wa maji," kisha anakaza uso mpaka aliyeuliza aone haya kuendelea.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye gati letu kuna kivuko kinachovusha watu, magari madogo na malori. Mbele kina mlango mkubwa wa chuma unaoshushwa juu ya zege ili magari yaingie. Maji yakijaa, mlango unalala vizuri. Maji yakipwa, kivuko kinashuka nayo na mlango unainama vibaya, na lori lenye mzigo likijitia ujuzi pale linakwaruza tumbo, linakwama, na foleni nzima inaanza kutaja wazazi wa watu. Ndiyo maana maji yakiwa chini ya mita moja na sentimita ishirini, lori haliingii. Pembeni kuna nguzo iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, yenye namba. Shangazi anaisoma kila saa kupitia dirisha la kibanda chake, usiku anamsomea mlinzi, anaandika daftarini, na kila siku saa mbili asubuhi anaandika kwa chaki kwenye ubao: leo maji yatajaa saa ngapi, yatapwa saa ngapi, na malori hapana kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Neno "hapana" analiandika kubwa kuliko mengine yote. Madereva wa malori wakamwita Mama Hapana, na siku hizi hata kadi ya mchango wa harusi huandikwa jina hilo.

Aliingia pale kama mfagizi. Siku moja msoma nguzo aliaga anakwenda kung'oa jino, na mpaka leo hajarudi. Wakamwambia Shangazi, "Weka ufagio, tuandikie namba mpaka mwenzio arudi." Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Shangazi husema hana kinyongo, ila angependa kujua hilo jino lilikuwa na mizizi mirefu kiasi gani.

Utundu wake nao una miaka hiyo hiyo. Dereva mgeni akija na kiburi, akagonga dirisha na kudai apitishwe wakati maji yamepwa, Shangazi hagombani naye. Anamwambia kwa upole, "Baba, kaombe ufunguo wa maji pale ofisini, tutakufungulia." Dereva anakwenda. Ofisini wanamtuma kwa fundi. Fundi anamtuma kwa mlinzi. Akimaliza mzunguko, maji yameshapanda, anapita, na anashukuru.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume, niko kidato cha tatu, na likizo nashinda kwenye kibanda hicho kwa sababu nyumbani kuna vyombo vya kuosha. Mambo ninayoyasimulia yalitokea likizo iliyopita, alipokuja Meneja mpya.

Meneja huyu alikuwa kijana nadhifu, na alipenda mambo mawili: mpangilio na plastiki. Karatasi ikikaa mezani kwake dakika kumi, inatoka imevikwa plastiki. Alivisha zamu za wafanyakazi, alivisha namba za simu, alivisha tangazo la kukataza kubandika matangazo. Wiki ya tatu akafika kwenye kibanda, akatazama madaftari yaliyopangwa kutoka sakafuni mpaka darini.

"Mama, hivi unajuaje kesho maji yatajaa saa ngapi?"

"Nafungua daftari la wiki mbili zilizopita, nasogeza kidogo, naandika."

"Unasogeza kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ya kutosha."

Meneja akafumba macho kama mtu anayeumwa kichwa. "Mama yangu, hiyo ni kubahatisha. Bahari ni hesabu. Inapanda, inashuka, inapanda. Hiyo ni kosini, lile wimbi la kwenye trigonometria, basi. Mimi nitapima siku moja tu, nitatengeneza ratiba ya mwezi mzima. Na makao makuu wameshasema: hawataki madaftari, wanataka fomula. Kibanda hiki tutaweka mashine ya kahawa. Wewe nitakupeleka stoo ya makoti ya kuokolea watu majini. Kazi nyepesi, hakuna jua."

"Na dirisha?"

"Stoo haina dirisha, Mama. Ya nini dirisha stoo?"

Nilimtazama Shangazi. Miaka kumi na tisa mtu amekaa na bahari mbele yake, unamwambia akahesabu makoti gizani. Aliponyoosha kidole, nilidhani anamwonyesha mlango. Kumbe ananionyesha mimi.

"Bosi, fomula na mimi ninayo. Mwanahesabu wangu ni huyu hapa."

Mwanahesabu mwenyewe mtihani wa trigonometria alipata arobaini na moja kwa mia, na hiyo moja Mwalimu wetu aliniongezea kwa mwandiko mzuri. Nikaanza kutikisa kichwa. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Tushindane," akasema. "Ratiba yako ibandikwe upande huu wa ubao, ya kwetu upande huu. Mwenye kukosea ndiye aende stoo."

Meneja akacheka. Alipenda mashindano, hasa anayojua atashinda. "Sawa. Tupeane wiki mbili, ndiyo haki."

"Wiki moja inatosha," Shangazi akasema haraka. "Tunaanza Jumatatu hii, anatuamua Nahodha Jumatatu ijayo. Mimi mtu mzima, wiki mbili za wasiwasi zitaniua."

Meneja akamhurumia, akakubali. Nahodha wa kivuko, mtu wa maneno machache, aliitwa akaambiwa. Akasema, "Haya," akarudi kwenye usukani wake.

Jumatatu Meneja alishika saa yake na daftari jipya, akasimama kwenye nguzo tangu asubuhi. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne kamili asubuhi maji yakafika mita tatu na sentimita sabini, yakaanza kurudi. Jioni, saa kumi na dakika kumi na mbili, yakafika chini kabisa, sentimita thelathini. Meneja akatazama hizo dakika kumi na mbili kama unavyotazama uzi uliochomoza kwenye shati jipya. Akazikata. Saa nne kujaa, saa kumi kupwa, saa nne kujaa tena: saa kumi na mbili kila mzunguko, mizunguko miwili kwa siku, na inaangukia sawasawa na zamu za wafanyakazi! Nilimsikia mwenyewe akisema peke yake, "Hata bahari inapenda mpangilio." Kufikia saa kumi na moja ratiba ya mwezi mzima ilikuwa imeshavikwa plastiki na kupigiwa misumari minne.

Mimi huku nilikuwa natoka jasho. Shangazi alinirundikia madaftari ya mwaka mzima, akaniambia, "Tafuta humo, mwanangu. Haijafichwa." Nikafanya kama Mwalimu alivyotufundisha, ingawa alipotufundisha nilikuwa nachora viatu. Nilichukua karatasi ya miraba, nikaweka saa chini, mita pembeni, nikapanga nukta za siku tatu. Sikuamini. Nukta zilijipanga zenyewe: mlima, bonde, mlima, bonde, mchoro ule ule wa kosini uliomo kwenye kitabu cha shule. Nilidhani ule mchoro waliutunga ili kututesa, kumbe umekuwa ukilowa maji hapa gatini siku zote!

Kisha nikapima toka kilele hadi kilele. Siyo saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Nikadhani nimekosea, nikapima vilele sitini. Ishirini na tano zile zile. Mzunguko mmoja ni digrii mia tatu na sitini, nikagawanya: maji yanatembea digrii ishirini na tisa kila saa. Nikafanya na ya Meneja: digrii thelathini kila saa.

"Shangazi, Meneja amekosea! Lakini ni digrii moja tu."

"Moja kwa saa," akasema, huku akimenya chungwa. "Siku ina saa ngapi?"

Ishirini na nne. Digrii ishirini na nne kwa siku, dakika hamsini za kuchelewa. Kwa siku saba ni mia sitini na nane, karibu na mia na themanini. Nikaona. Siku ya saba Meneja atasema maji yamejaa wakati yamepwa, na atasema yamepwa wakati yamejaa. Kinyume kabisa, kama mtu aliyevaa suruali mbele nyuma.

Nikaendelea kupiga hesabu. Siku kumi na tano: digrii mia tatu na sitini. Mzunguko mzima. Baada ya wiki mbili kosa lote la Meneja litakuwa limezunguka likarudi mahali pake, na ratiba yake itakuwa sahihi tena kama siku ya kwanza!

"Shangazi! Ndiyo maana ulikataa wiki mbili!"

"Mimi?" Akajitia kutazama dirishani. "Nilisema nina wasiwasi."

"Hiyo ni hila."

"Hila iko wapi? Alipewa wiki moja, akasema sawa. Kula chungwa."

Wiki ile ilikuwa tamthilia ya bure. Jumanne maji yalichelewa dakika hamsini, Meneja akasema ni upepo. Jumatano yakachelewa saa moja na dakika arobaini, akasema kuna mvua huko juu. Alhamisi alikuja na kipimo cha maji cha waashi, akakiweka kwenye nguzo kuona kama imepinda. Haikupinda. Ijumaa akaanza kututazama sisi.

"Mama, kuna mtu anachezea nguzo?"

"Bosi, nguzo imezama mita nne kwenye zege. Labda wanaichezea bahari."

Madereva walianza kusimama mbele ya ubao na kucheka wazi. Mmoja, mnene, anayependa kelele, alisoma ratiba ya Meneja kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Wasikilizaji, saa hizi mko chini ya mita tatu za maji. Poleni sana." Alikuwa amesimama kwenye zege kavu, kavaa sandali.

Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu ya siri iliyokuwa inaniunguza. Fomula yangu nayo ilikuwa na ugonjwa. Saa zake zilikuwa nzuri, lakini urefu wake ulikuwa unanidanganya. Nilikuwa nimechukua wastani wa mwaka: katikati mita mbili, kisha mita moja na sentimita ishirini juu na chini. Kwa hiyo kwangu mimi maji hujaa mita tatu na ishirini kila siku na kupwa sentimita themanini kila siku. Jumatatu ile ya kwanza Meneja alikuwa amepata mita tatu na sabini zake sawasawa, na mimi nimepungukiwa nusu mita. Shangazi aliandika namba yangu ubaoni bila kupepesa jicho. Na kila siku iliyofuata nusu mita ile ilipungua, nikafurahi, halafu Jumamosi ikaanza kukosea upande wa pili. Kwa hesabu yangu, Jumatatu ya hukumu maji yangepwa mpaka themanini saa nne kasorobo asubuhi, na ubao ungesema malori hapana.

Jumamosi mchana nikamwonyesha. "Shangazi, ni sawa?"

Akatazama. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mabega, kisicho na sauti. "Jumatatu ni maji mafu, mwanangu. Maji yanakuwa mavivu, hayajai vizuri wala hayapwi vizuri. Malori yatapita kutwa nzima. Ukiandika hapana, Nahodha atapakia malori mbele ya macho yako, na mimi nitakwenda kuhesabu makoti."

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Nilijua miaka kumi na tisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe, fomula ingeambiwa na nani? Wanataka hesabu, siyo maneno yangu. Hesabu lazima ijue yenyewe."

Nilitaka kulia, nikaona itanichelewesha. Nikachukua daftari la mwezi uliopita. Kwa kila saa nikaandika maji halisi, nikatoa fomula yangu, nikabaki na mabaki. Mabaki yale nilitegemea yawe takataka tu, huku na huku. Nikayapanga kwenye karatasi ya miraba.

Yalikuwa wimbi. Dogo, nusu mita juu na nusu mita chini, jembamba na safi. Na lilikuwa na adabu ya ajabu: lilifika kileleni saa ile ile leo, kesho na keshokutwa, bila kuchelewa hata dakika. Nikapima. Saa kumi na mbili kamili. Digrii thelathini kwa saa.

"Shangazi," nikasema. "Hili ni la Meneja."

Shangazi akaacha kumenya chungwa lake. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilijua kitu ambacho yeye hakukijua.

Nilikimbia shuleni kwetu siku ile ile. Mwalimu wa hesabu alikuwepo, anasahihisha. Nikamwuliza ni nini kinachovuta bahari kila saa kumi na mbili kamili. Akanitazama kwa mshangao wa kuniona likizo, kwa hiari yangu, na karatasi ya miraba mkononi. "Jua," akasema. "Mwezi unavuta, na jua nalo linavuta, ila kidogo kwa sababu liko mbali. Wakivuta pamoja, maji makubwa. Wakivutana, maji madogo. Una homa?"

Sikuwa na homa. Nilikuwa na kosini mbili. Ya mwezi inatembea ishirini na tisa, ya jua thelathini. Siku ya bamvua zinaanza zikiwa zimeshikana mikono, mita moja na ishirini jumlisha nusu mita, juu ya zile mbili za katikati, ndiyo ile tatu na sabini ya Meneja. Halafu ya jua inatangulia digrii moja kila saa, na siku ya saba zimepeana visogo: mita moja na ishirini toa nusu mita. Unabaki na sentimita sabini juu na chini. Maji mafu! Shangazi alikuwa nayo kwenye madaftari, mimi nikawa nayo kwenye mstari mmoja.

Jumatatu saa mbili asubuhi Shangazi alisimama mbele ya ubao na chaki. Akaandika: kupwa saa nne kasorobo, mita moja na thelathini. Kujaa saa kumi kasoro dakika saba, mita mbili na sabini. Kisha akafika kwenye mstari wa malori, akasita kama mtu anayeandika barua ya kuacha kazi, akaandika: NDIYO, KUTWA.

Madereva walikuja wakasoma, wakarudi nyuma.

"Huu ni mtego," akasema yule mnene. "Mama Hapana hawezi kusema ndiyo."

"Mama, unaumwa?" mwingine akauliza. "Tukuletee chai?"

Upande wa pili, chini ya plastiki, ratiba ya Meneja ilisema saa nne asubuhi maji yatakuwa mita tatu na sabini. Saa nne kasorobo tulikuwa wote kwenye nguzo: Nahodha, Meneja, Shangazi, mimi, na madereva kama ishirini waliosahau funguo kwenye magari. Nahodha akainama, akasoma bila haraka.

"Mita moja na thelathini na mbili."

Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Lakini malori yanapita. Ratiba yangu ilisema saa nne malori yapite. Yanapita!"

Tukatazamana. Ilikuwa kweli. Alikosea kwa karibu mita mbili na nusu, na malori yalikuwa yanapita. Yule dereva mnene alicheka mpaka akakaa chini. Shangazi naye mabega yakaanza, ila mimi sikucheka, kwa sababu Nahodha alikuwa anakuna kidevu kama mtu anayelifikiria.

"Jioni je?" Nahodha akauliza. "Saa kumi ratiba yako inasemaje?"

"Sentimita thelathini. Malori hapana."

"Tutaonana saa kumi."

Sijawahi kuona siku ndefu namna ile. Shangazi hakula. Alisoma nguzo kila saa kama kawaida, akaandika, ila mara mbili nilimwona akipitisha kiganja kwenye mbao za dirisha. Meneja yeye hakurudi ofisini. Alikaa kwenye jiwe la kufungia kamba, kavaa tai, anatazama maji yakipanda namba moja moja kuelekea upande ambao hayakuruhusiwa. Nilimwonea huruma. Nikampelekea karatasi yangu ya miraba, nikamwonyesha wimbi kubwa na wimbi dogo.

"Hili dogo ni lako," nikamwambia. "La saa kumi na mbili kamili. Lipo kweli. Hukukosea kuliona, ila uliliona kubwa kuliko lilivyo."

Akalifuata lile wimbi dogo kwa kidole. "Bila langu fomula yenu ingekuwaje?"

"Leo ningeandika hapana, na Shangazi angekwenda stoo."

Saa kumi kasoro dakika saba Nahodha alirudi kwenye nguzo. Maji yalikuwa yamesimama, hayapandi wala hayashuki. "Mita mbili na sitini na nane," akasema. Akamtazama Shangazi. "Ubao ni wako." Kwa siku moja alikuwa amemaliza maneno yake ya mwezi mzima, akaenda kupakia malori.

Shangazi akamgeukia Meneja. Madereva walikuwa wanasubiri amchane, na mimi pia. Akamwambia, "Bosi, stoo ile usiende. Utayavisha plastiki makoti yote, watu watazama."

Meneja akacheka, kwanza kwa shida, halafu kweli. "Baki na dirisha lako, Mama. Mashine ya kahawa nitaiweka kwangu." Akasita. "Ila hizo sentimita mbili? Mmesema sabini, imetoka sitini na nane."

"Ehee," Shangazi akasema, akasogea akampa kigoda. "Hata mimi najiuliza. Kaa hapo, mwanangu atakuonyesha jinsi ya kutoa mabaki."

Tulikuwa bado tumeinamia daftari, vichwa vitatu dirisha moja, wakati dereva mmoja mgeni alipogonga kioo. Alimwona mwenye tai, akaona huyo ndiye mkubwa.

"Meneja, kesho asubuhi lori langu linapita au halipiti?"

Meneja aliitazama ratiba yake ya plastiki kule ubaoni.

"Subiri kidogo," akasema, "nimuulize Mama."